Fayaplesi ya Gesi kwa Nyumba: Kabla Uitane Fundi, Uliza Hewa Itaingilia Wapi

Julai ikishika, kila msee Nairobi anakuwa mtaalamu wa baridi. Mathree zimefungwa madirisha zote, chai ya kibandani inaisha kabla saa nne, na huko TikTok kumejaa vidio za wapenzi wameenda Limuru, wamejifunika shuka ya Kimasai, nyuma yao moto unawaka ndani ya ukuta. Hakuna kuni. Hakuna mtu anapuliza huku machozi yanamtoka. Mtu anashika rimoti, anabonyeza, fwaa, moto huo hapo.

Na wewe uko kwa keja umevaa soksi mbili, simu mkononi, unajiambia: nikiomoka tu kidogo, hiyo lazima niweke.

Sikucheki. Hata mimi nimeitamani. Lakini kuna kitu hizo vidio hazikuonyeshi, na mimi nilikijua kwa njia mbaya, kupitia tata yangu.

Tata ni dadake mathe. Anakaa Tigoni, huko juu kwa mashamba ya majani chai, mahali ukitoka tao na tisheti unafika ukiwa umejuta. Kuanzia Juni hadi Agosti mawingu yanakaa chini kama mtu amefunika kijiji na sufuria. Mwaka juzi tata akasema amechoka. Akapitia duka moja akaona fayaplesi ya gesi imetoka ng'ambo, kioo safi, magogo ya bandia ndani yanakaa kuni kabisa. Muuzaji akamwimbia: "Mama, hii haihitaji chimni. Unaunganisha tu na mtungi." Fundi akaja Jumamosi asubuhi, saa saba alikuwa amemaliza, akapewa chai, akalipwa, akaenda zake.

Jioni hiyo tukaalikwa kuizindua. Watu wanane kwa sebule moja, mlango umefungwa, pazia zimeshushwa. Enyewe moto ulikuwa mtamu. Baada ya masaa mawili hivi kichwa kikaanza kunigonga. Binamu yangu akasema anahisi kutapika. Mjomba alikuwa ashalala kwa kiti saa mbili usiku, tukamcheka, tukampiga picha. Wengine wakasema ni nyama imewashinda, wengine wakasema ni mvinyo. Mimi sikuwa nimeonja hata tone.

Wiki mbili tata akawa anaumwa na kichwa kila jioni. Akaenda kliniki, akapimwa malaria, hakuna. Daktari akamuuliza kitu kimoja: hicho kichwa kinauma ukiwa wapi? Tata akafikiria. Sokoni hakiumi. Kanisani hakiumi. Dada wa kazi, ambaye jioni hukaa jikoni na mlango wa nyuma ukiwa wazi, hajawahi kulalamika hata siku moja. "Na mnawasha nini ndani ya nyumba?" daktari akauliza tena. Hapo ndipo hadithi yote ikafunguka.

Moto unakula kitu ile ile unakula wewe

Wacha nieleze pole pole, kwa sababu hapa ndio wengi wanachomeka.

Gesi ya mtungi ni mchanganyiko wa propeni na buteni. Ikichomeka vizuri, ikiwa na hewa ya kutosha, inatoa joto, kaboni dioksaidi na maji. Eeh, maji. Kila kilo moja ya gesi inayochomeka inatoa zaidi ya kilo moja na nusu ya maji, lakini huyaoni kwa sababu yanatoka kama mvuke. Kama moshi hauendi nje, hayo maji yote yanabaki kwa sebule yako. Yanatafuta mahali baridi, yaani kioo cha dirisha na kona za ukuta, yanatua hapo, na baada ya mwezi unaona ukungu mweusi unaanza kupanda nyuma ya kabati. Tata aliona hiyo ukungu. Alimlaumu aliyepaka rangi.

Sasa hewa ikipungua, gesi haichomeki yote. Badala ya kaboni dioksaidi peke yake, unaanza kupata kaboni monoksaidi. Huyu ndiye muuaji. Hana harufu, hana rangi, hakukohoeshi kama moshi wa kuni. Ukimvuta anaingia kwa damu na kushika ile sehemu ya damu inayobeba oksijeni, na anaishika kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni yenyewe. Yaani unapumua, kifua kinapanda na kushuka, lakini mwili haupati kitu. Dalili zake ni za uongo: kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu, uchovu, usingizi. Utafikiri ni homa. Utafikiri ni hangova. Na ule usingizi ndio mbaya zaidi, kwa sababu mtu anayelala hawezi kuamka aseme anaumwa.

Ni yule yule anayeua watu kila msimu wa baridi wakiingiza jiko la makaa kwa chumba cha kulala. Tofauti ni kwamba jiko la makaa sote tunalijua. Fayaplesi ya gesi inakuja na kioo na rimoti, na mtu haogopi kitu yenye rimoti.

Si zote ziko sawa

Ukienda dukani utaambiwa zote ni fayaplesi ya gesi, lakini kwa ukweli kuna familia tatu, na tofauti yao ni moja tu: hewa inatoka wapi na moshi unaenda wapi.

Ya kwanza ni ile inayowekwa ndani ya chimni ya zamani. Kama nyumba yenu ni zile za mawe za zamani za Limuru, Molo ama Nakuru, zilizojengwa wakati wa mkoloni, labda chimni tayari ipo, ilikuwa ya kuni. Unaondoa wavu wa kuni, unaweka vichomeo vya gesi na magogo ya udongo wa kauri. Inapendeza, lakini ikiwa haina kioo mbele, nusu ya joto ama zaidi inapanda na chimni kwenda kupasha moto ndege. Na usidhani chimni ikiwa hapo basi inafanya kazi. Imekaa miaka bila kutumika, ndani kunaweza kuwa na kiota, nyuki, ama tofali limeanguka. Lazima isafishwe na ijaribiwe kwa moshi: fundi anawasha kitu cha kutoa moshi pale chini, halafu mnatoka nje kuangalia kama unatoka juu. Ukirudi chumbani ama ukitokea kwa chumba cha juu kupitia ufa, hapo hakuna kuweka kitu bado.

Ya pili ni ile ya kioo kilichofungwa kabisa, na bomba mbili zilizoingiana, moja ndani ya nyingine, zinatoboa ukuta hadi nje. Bomba la nje linavuta hewa safi, la ndani linatoa moshi. Moto wote uko ndani ya sanduku, haugusi hewa yako hata kidogo. Haihitaji chimni, inahitaji tu ukuta unaoangalia nje. Kama una doh ya kuweka moja tu maishani, hii ndiyo. Ni ghali kuliko zingine na fundi atakuambia kutoboa ukuta wa mawe ni kazi. Mwache aitoboe.

Ya tatu ni ya tata. Haina bomba, haina chimni, moshi wote unabaki ndani na wewe. Watengenezaji wanasema ni salama kwa sababu inachoma gesi safi na ina sensa inayozima moto oksijeni ikishuka hadi karibu asilimia 18, wakati hewa ya kawaida ina karibu asilimia 21. Kwa karatasi ni sawa. Lakini kuna sehemu za dunia hawataki kusikia: California huko Marekani hawaruhusu hita za gesi zisizo na bomba la moshi ndani ya nyumba za kuishi. Maoni yangu? Kama ni chumba cha kulala, hapana. Kama ni bedsita, hapana mara mbili.

Kile kitabu kilichobaki kwa boksi

Baada ya ile siku ya kliniki tata alizima moto akatafuta fundi mwingine, mzee mmoja mpole ambaye kitu cha kwanza alichoitisha si spana bali kitabu cha maelezo. Kilikuwa bado ndani ya boksi, kwa karatasi yake ya plastiki, stoo. Hakuna aliyekifungua. Si fundi wa kwanza, si tata, si mimi niliyekuwa najifanya najua teknolojia.

Mzee akavaa miwani, akapindua kurasa, akaweka kidole mahali. Hapo pameandikwa kuwa hiyo mashini isitumike juu ya futi 4,500 kutoka usawa wa bahari.

Sasa fikiria hapo. Nairobi yenyewe iko juu ya futi 5,000. Tigoni iko zaidi ya mita 2,000, yaani unakaribia futi 7,000. Huko juu hewa ni nyembamba, ile ile inayofanya wakimbiaji wetu wawe na mapafu ya chuma. Kila pumzi ina oksijeni kidogo kuliko ya Mombasa, na moto nao unapumua. Mashini iliyopangwa kwa mji wa pwani ikiletwa Limuru inatoa gesi ile ile lakini inapata hewa pungufu, na gesi ikizidi hewa unajua kinachofuata. Hata ile sensa ya oksijeni ilikuwa imepimwa kwa hewa ya chini, kwa hivyo huku juu huwezi kuitegemea.

Mashini nyingi zinaweza kurekebishwa kwa mwinuko. Huko Marekani kanuni inayotumika sana ni kupunguza nguvu kwa asilimia 4 kwa kila futi 1,000 kuhesabu kutoka usawa wa bahari, ukishapita futi 2,000, na hiyo inafanywa kwa kubadilisha jeti, yaani kale katundu kadogo ka shaba kanakopitisha gesi. Fanya hesabu ya Tigoni: ni kama asilimia 28 hivi. Si kitu ya kukadiria na macho. Ile ya tata haikuwa na jeti ya mwinuko huo, ndio maana kitabu kilisema tu isitumike.

Na tukiwa bado kwa jeti: huku kwetu hatuna gesi asilia ya mabomba inayoingia manyumbani kama Uingereza. Sisi ni mtungi. Lakini fayaplesi nyingi za mtumba na zinazoagizwa mtandaoni zimetengenezewa ile gesi ya mabomba, ambayo ni nyepesi na ina joto kidogo. Gesi ya mtungi ina joto karibu mara mbili na nusu kwa kipimo kile kile, kwa hivyo tundu lake lazima liwe dogo. Ukichomeka mtungi kwa mashini yenye tundu kubwa unapata moto mrefu, masizi, na kaboni monoksaidi kibao. Mashini huwa na kibati kidogo kimebandikwa chini ama ubavuni kinachosema ni ya gesi gani. Piga magoti ukisome kabla utoe pesa.

Kitu kingine kinachodanganya ni rangi ya moto. Kwa meko ya kupikia tumefunzwa bluu ni nzuri, njano ni shida. Kwa fayaplesi moto wa njano umewekwa makusudi, ndio uonekane kama wa kuni. Kwa hivyo huwezi kuuangalia ukasema uko fiti. Angalia masizi badala yake: kioo kikianza kuwa cheusi, ama ukuta wa juu ukipata doa, zima.

Yale mashimo juu ya dirisha

Hii sehemu inaniuma kwa sababu sisi wote tuna makosa.

Angalia juu ya dirisha lako sasa hivi. Kama nyumba yako ni ya kawaida ya Kenya, kuna mashimo, saa zingine yana wavu, saa zingine ni zile tofali zenye matundu. Fundi mwashi hakusahau kuziba. Ni ya hewa. Yaliwekwa ndio hata ukifunga kila kitu, nyumba ipumue. Na sisi tunafanya nini Julai ikifika? Tunachukua magazeti, matambara, spanji ya godoro lililokufa, tunaziba. Mathe wangu huziba na karatasi ya unga.

Kwa sebule ya tata yote yalikuwa yamezibwa. Fundi wa kwanza ndiye aliyemshauri, ati joto lisipotee. Yaani alileta moto usio na bomba, akauweka mahali pa juu kuliko kitabu kinavyoruhusu, halafu akafunga hewa. Akapewa na chai.

Mashini yoyote inayochoma hewa ya chumba inahitaji tundu la hewa lisilofungwa, na ukubwa wake unapangwa kulingana na nguvu ya moto. Kitabu kinasema. Kwa gesi ya mtungi pia unataka tundu la chini karibu na sakafu, kwa sababu gesi hiyo ni nzito kuliko hewa. Ikivuja haipandi. Inateremka, inatambaa, inajaa kwa shimo, kwa mtaro, chini ya ngazi, ikingoja cheche ya swichi ama friji.

Mtungi ukae wapi, na utakula pesa ngapi

Mtungi unakaa nje. Si nyuma ya kochi, si kwa kabati ya TV yenye milango maridadi. Nje, umesimama wima, kwa kivuli, kwa kijumba cha wavu kinachopitisha hewa, mbali na mtaro na mbali na dirisha. Kutoka hapo gesi inaingia kwa paipu ya shaba, si ule mpira wa meko unaouzwa kwa mita, na kuwe na vali ya kufunga karibu na mashini, mahali hata mtoto mkubwa anaweza kufikia. Kabla moto uwashwe mara ya kwanza, fundi anajaza paipu presha na kungoja aone kama mshale wa geji unashuka. Akikuambia hana geji, mpe nauli arudi.

Sasa hesabu, ambayo muuzaji hatakufanyia. Tuseme fayaplesi yako ni ya kilowati 6, ya kawaida tu kwa sebule. Kilo moja ya gesi ina karibu uniti 12.8 za joto. Kwa hivyo kwa saa moja utachoma kama nusu kilo. Mtungi wa kilo 13 unaisha kwa masaa 28 hivi. Ukiwasha kila jioni saa kumi na mbili hadi saa nne usiku, huo ni mtungi mmoja kwa wiki. Ule uliozoea kupikia mwezi mzima na zaidi.

Tena mtungi mdogo una shida nyingine. Gesi ndani ni maji maji, na ili igeuke mvuke inahitaji joto kutoka kwa hewa ya nje. Ukiivuta haraka usiku wa baridi mtungi wenyewe unapoa, unatoa jasho, hata unaweza kushika barafu kwa nje, na moto unaanza kufifia wakati gesi bado iko. Ndio maana mafundi wanaojua huweka mitungi ya kilo 50, mara nyingi miwili, moja ikiisha nyingine inachukua. Kilo 50 itakupeleka jioni kama 26 kwa ile hesabu yetu.

Na usidanganywe ni ya kuokoa doh. Kama unajaza kilo 13 kwa thao tatu, kila uniti ya joto inakutoka kama shilingi 18. Lakini si yote inabaki chumbani. Ile ya kioo kilichofungwa ikikuachia asilimia 70, uniti inakuwa shilingi 26, ambayo ni kama kununua tokeni. Ile ya wazi kwa chimni ikikuachia nusu, uko shilingi 36. Fayaplesi ya gesi ni raha, na raha inalipiwa. Ni sawa, bora ujue.

Kuhusu kununua gesi yenyewe, Februari 2024 tuliona Embakasi moto ulivyolipuka usiku kutoka kwa mahali pa kujazia gesi ambapo EPRA walisema maombi ya kibali yalikuwa yamekataliwa. Mtungi wa bei ya kutupa, bila sili, wa kujaziwa nyuma ya ploti, usiulete karibu na mfumo unaowaka masaa manne kila siku.

Alamu mbili, mahali mbili

Gesi ya mtungi imewekwa harufu ile mbaya makusudi ndio uisikie ikivuja. Kaboni monoksaidi haina. Kwa hivyo unahitaji vitu viwili tofauti, na watu wanachanganya sana. Kigunduzi cha gesi kinakaa chini karibu na sakafu, kwa sababu gesi inashuka. Kile cha kaboni monoksaidi kinakaa juu, mita moja hadi tatu kutoka kwa mashini, na kingine kwa chumba cha kulala, kwa sababu monoksaidi inachanganyika na hewa na kuzunguka nayo. Ukiweka kile cha gesi kwa siling'i umenunua pambo.

Ukisikia harufu ya gesi, usiguse swichi, si kuwasha si kuzima. Funga mtungi, fungua milango, tokeni. Ile ya monoksaidi ikilia, ama watu wawili wakianza kuumwa na kichwa pamoja, tokeni kwanza, mjadala baadaye. Hospitali waambieni mlikuwa na moto wa gesi ndani, wazi wazi, kwa sababu dalili zenyewe hazitajisema na matibabu ni oksijeni, si panadol. Namba ni 999 ama 112.

Na kama umepanga?

Wewe wa bedsita Roysambu, najua umesoma hadi hapa ukitafuta upenyo. Haupo. Ukuta si wako, landilodi hatakubali utoboe, na chumba ni kidogo sana kwa moto wowote wa kuchoma hewa. Hizi fayaplesi za stima zenye taa za kuigiza moto ni za kishamba kidogo, nakubali, lakini hazili hewa. Ya kilowati 2 kwa masaa manne ni uniti 8 za tokeni. Hakikisha tu soketi si ya kushikiliwa na kijiti cha kiberiti. Chupa ya maji moto kwa blanketi bado inafanya kazi kuliko vile inapewa heshima. Jiko la makaa liache nje hata kama makaa "yameshika na hayana moshi." Makaa yasiyo na moshi ndiyo yale yanayoua.

Tata hakuacha fayaplesi. Ile ya kwanza ilitolewa, ikakaa stoo, muuzaji alipopigiwa simu akasema alishauza na risiti haina warantii. Ikabidi aweke pesa miezi mingine saba. Yule mzee akamwekea ya bomba mbili, jeti ya mwinuko wake, mitungi nyuma ya nyumba kwa wavu, na akazibua yale mashimo yote juu ya dirisha kwa mkono wake. Kazi ilichukua siku tatu. Tata alilalamika kila siku kuhusu vumbi.

Juzi alinipigia saa tisa usiku. "Wewe kijana, kitu chako kinalia." Nikamwambia atoke nje haraka, awaamshe wote. Wakatoka na mablanketi, dada wa kazi na mjomba, kwa hiyo baridi ya Tigoni. Moto ulikuwa umezimwa tangu saa nne. Nikamwambia asogee dirishani asikilize tena: inalia mfululizo ama inalia pii moja halafu inanyamaza?

"Pii moja," akasema. "Halafu inanyamaza."

Ilikuwa betri. Nilitukanwa Kikuyu hadi saa kumi, lakini asubuhi alinunua betri nne.